Kabichi za Wageni

Wanawake wafungwa walikuwa bado wanamwagilia kitalu pale askari wa zamu alipomjia Bwana Shamba, mwalimu wao wa kilimo, na agizo la mkuu wa gereza: miche yote ya kabichi ihamishiwe bustanini kabla ya mchana. Wafadhili wa mafunzo wanakuja, na mkuu hataki wakute udongo mtupu.

Jua lilikuwa limeshaanza kuchoma. Bwana Shamba alieleza kwamba miche ile haijazoeshwa jua, tena huhamishwa jioni, la sivyo inakufa. Askari alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mjumbe hauawi. Hayo akamweleze mkuu mwenyewe. Bwana Shamba hakwenda. Mkataba wake ulikuwa unakwisha mwezi ule, na mkewe alikuwa amejifungua juzi tu.

Wafungwa walihamisha miche kimyakimya. Aliyebisha ni mmoja, waliyemwita Msusi kwa kazi aliyoifanya uraiani. Alikuwa karibu kutoka. Mama yake alikuwa na kipande cha shamba kilicholala, na ndicho alichokitegemea kulea wanawe, maana nani angempa mtu aliyetoka jela kichwa asuke? Alimwambia mwalimu kwamba wanaua mboga kwa mikono yao. Mwalimu akamwambia apande.

Wageni walifika, wakapiga picha. Miche ilikuwa imetoka kunyweshwa maji, ikasimama. Mgeni mkubwa, mama mwenye sauti ya upole, akamuuliza Msusi amejifunza nini.

"Nimejifunza kwamba mche hauhamishwi juani, mheshimiwa. Hii yote unayoiona, kesho itakuwa imelala."

Mkuu wa gereza akacheka kidogo, akasema wafungwa hawa wana utani. Yule mama hakucheka. Alimgeukia Bwana Shamba.

"Mwalimu, ni kweli?"

Mkuu naye alikuwa anamtazama.

"Itashika," alisema Bwana Shamba. "Tutaimwagilia."

Jioni ile Msusi aliondolewa kwenye darasa la kilimo, akapelekwa jikoni kuchambua maharage na kusugua masufuria hadi kifungo chake kiishe. Hakuna aliyempa sababu.

Siku ya somo lililofuata, kabichi zilikuwa zimekauka mstari kwa mstari. Bwana Shamba aliwakusanya wanawake kando ya kitalu, penye miche michache iliyoachwa kwa udogo wake, akaanza upya: mche hupunguziwa maji, huzoeshwa jua kidogo kidogo, kisha huhamishwa jua likishapoa.

Mwanamke aliyezoea kulima tuta moja na Msusi akanyoosha mkono.

"Mwalimu, tushike hili, au lile ulilomwambia mgeni?"

Hakuuliza kwa kejeli, alitaka kujua. Bwana Shamba akachukua jembe, akaenda peke yake kung'oa kabichi zilizokufa, na wanawake wakabaki wamesimama pale kitaluni, wakingoja jibu.