Tarumbeta ya Pili

Asubuhi ya siku ya onyesho, Avelina aliamka koo linamkereketa. Hakumficha mumewe.

"Ludo, lazima nikapime," alisema, akiwa amesimama mbali, mlangoni. Kazi yake ilikuwa kuhudumia wazee katika makazi yao huko Blacktown, na kwa hofu ya korona iliyokuwapo Juni ile ya 2021, kikohozi kimoja kilitosha kufunga jengo zima.

Ludovick alilitazama sanduku la tarumbeta yake. Miaka kumi na miwili alipiga tarumbeta katika bendi ya polisi Moshi, kisha akahamia Sydney na kuifungia kabatini. Mwaka huu tu ndipo okestra moja ya mtaani ilipompa kiti. Leo wangepiga kazi za watunzi wa Kicheki, Smetana na Dvořák, na wapiga tarumbeta walikuwa wawili tu.

"Nenda kapige," Avelina alisema. "Mgonjwa ni mimi, si wewe."

Akaenda. Lakini ndani ya treni picha moja haikumtoka: bibi mpiga filimbi, mwenye miaka sabini na kitu, anayeketi mbele yake, kisogo chake sawasawa na mdomo wa tarumbeta. Alipofika Parramatta hakuingia ukumbini. Alimpigia simu kiongozi wa okestra, akaeleza yote.

"Asante kwa kuniambia," alisema. "Subiri nje. Majibu yakiwa mazuri, ingia. Yasipokuja, tutajikaza na tarumbeta moja."

Ludovick alisimama ukutani, upepo wa baridi ukimpiga, barakoa usoni. Kila simu ilipotetemeka moyo ulimruka. Mara tangazo la duka, mara kundi la kanisani. Onyesho likaanza. Kupitia ukutani alizisikia ngoma, kisha vinanda vya nyuzi, na palipofika zamu yake pakapita kimya kifupi. Vidole vyake vilibonyeza hewa mfukoni mwa koti.

Wakati wa mapumziko Avelina akapiga simu.

"Negative! Wamenitumia meseji sasa hivi!"

"Isome tena."

"Ne-ga-tive, Ludo. Ingia!"

Aliingia mbio, midomo ingali baridi. Noti yake ya kwanza ilipasuka vibaya hata bibi wa filimbi akageuza shingo. Masikio yakamwaka moto. Akalowesha midomo, akahesabu, akavuta pumzi. Ya pili ikatoka safi, na ya tatu. Mtu mmoja kati ya wasikilizaji alikohoa, na macho ya safu nzima yakamgeukia. Ludovick naye aliangalia, karibu apoteze hesabu, akajirudisha. Hivyo hivyo, jasho likimtiririka mgongoni, alifika mwisho.

Makofi yalipigwa kwa muda mrefu. Alipotoka nje alimpigia mkewe.

"Nimeharibu noti ya kwanza."

"Na zilizobaki?"

"Zimetoka."

"Basi njoo nyumbani. Koo bado linauma, utapika wewe."