Migongo ya Njiapanda

Saa tisa na dakika sita alasiri, Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, zikiwa zimebaki dakika mbili kabla ya mapumziko, Haruni Sanga aliingia kwenye uwanja wa kikapu mjini Njombe akiwa amevaa soksi mbili kwenye goti la kushoto. Ya ndani ilikuwa ya hospitali. Ya nje ilikuwa ya tawi la mashabiki, imefumwa kwa uzi wa sweta, kijani na nyeupe. Ungedhani mguu wa kulia umekuja kucheza na wa kushoto umekuja kuchunga kondoo kwenye baridi ya Kitulo.

Teodora, katibu wa tawi hilo, aliuandika muda kwenye daftari lake. Alikuwa na miaka sitini na moja, na ishirini na minane kati ya hiyo aliimaliza kwenye mizani ya barabarani, akipima malori. Kila dereva aliyezidisha mzigo alikuwa na maelezo, na maelezo hayakuwahi kupunguza kilo hata moja.

Haruni alikuwa na miaka ishirini na miwili, kijana wa Matamba, mrefu kuliko karibu kila mlango wa Makambako. Hapakuwa na ubishi kwamba ndiye mchezaji bora aliyewahi kuvaa jezi ya Njiapanda, timu ya Makambako. Timu moja ya Dar es Salaam ilituma mtu kuja kumtazama mara mbili. Mara zote mbili alimkuta kwenye magongo.

Goti lake lilikuwa limeumia mara tatu, na kila mara tawi lilitafuta sababu, likaipata, likaishughulikia. Mwaka 2022, Makambako, Yoramu, fundi ujenzi na mpiga ngoma wa tawi, aligundua ufa kwenye sakafu hatua mbili kutoka pale Haruni alipoangukia. Mashabiki wakaleta saruji, wakabomoa kipande kile na kukimwaga upya, tena siku ya Jumapili baada ya ibada. Mwaka 2023 Haruni aliumia hapa Njombe, kwenye sakafu isiyo na ufa, ikaonekana tatizo ni viatu. Vikatafutwa vipya Mbeya. Mwaka 2024 aliumia Iringa akiwa amevaa viatu hivyo. Ndipo Lightness, mwenye banda la chipsi karibu na stendi ya Makambako, akasema ni baridi, na akina mama wa tawi wakaanza kufuma.

Siku mbili kabla ya mchezo huu daktari alikuwa amempa Haruni karatasi: aruhusiwe kucheza, asizidi dakika ishirini. Jioni ile ile kijana akaipeleka kwa Teodora.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Goti?"

"Lipo."

"Na likizidishwa?"

"Daktari amesema likikatika tena, kutembea nitatembea. Kucheza ndiyo basi."

"Basi zikifika ishirini, toka."

Haruni alitazama miguu yake, ambayo ilikuwa imefika katikati ya sebule. "Mama, nikiiona migongo siwezi kukaa."

Alichokuwa anakisema ni desturi ya tawi. Kocha, Mwalimu Rodrick, kila alipotaka kumtoa Haruni apumzike, mashabiki wote walisimama na kuupa uwanja mgongo. Hawakuimba wala hawakutukana. Walisimama tu hivyo, watu hamsini, mpaka mwalimu aghairi. Mwalimu, ambaye darasani alikuwa mkali kiasi cha wanafunzi kukohoa kwa zamu, hakuwahi kustahimili zaidi ya dakika moja. Desturi hiyo ilianza mwaka 2021. Siku ile mtu wa kwanza kugeuka alikuwa Teodora, na tangu hapo katibu alipogeuka ndipo wengine walipogeuka.

Haruni alipoondoka, Teodora alitoa madaftari matatu ya zamani akayafungua mezani. Tarehe 20 Agosti 2022, goti liliumia dakika ya thelathini na sita ya mchezo. Tarehe 16 Septemba 2023, dakika ya thelathini na nane. Tarehe 13 Julai 2024, dakika ya thelathini na saba. Mara zote tatu Haruni alikuwa hajapumzishwa hata dakika moja. Na pembeni, kwenye kurasa zote tatu, dakika chache kabla ya kuumia, palikuwa pameandikwa neno moja: *Migongo*. Mwandiko ulikuwa wake.

Mara tatu si nyingi. Kwenye mizani alikuwa ameshasimamisha malori kwa sababu ndogo zaidi ya hiyo.

Ijumaa aliitisha kikao kwenye banda la Lightness. Alisoma kurasa zake tatu na karatasi ya daktari.

"Kwa hiyo sisi ndio tumemvunja?" akauliza Yoramu.

"Sijasema hivyo. Nimesema tulikuwepo mara zote tatu."

"Hata refa alikuwepo."

"Marefa walikuwa tofauti."

"Mama Katibu," Lightness akasema bila kuacha kugeuza viazi, "mtoto akitolewa Njombe wanatucheka mpaka Krismasi. Mimi wateja wangu nusu ni watu wa Njombe."

"Watakula kwako wakicheka."

"Na ule ufa?" Yoramu alikuwa amesimama sasa. "Ufa mimi niliuona. Nimeupima kwa kidole changu hiki."

"Ulikuwa hatua mbili kutoka alipoangukia."

"Ufa unatembea, dada! Hujui zege wewe."

Watu wakacheka, mmoja akaagiza chipsi mayai. Mwalimu Rodrick, aliyekuwa amekaa kwenye kona akiwa amejifunika koti lake, aliulizwa atafanya nini. Akafikiri.

"Nitachelewa kumwingiza, ili dakika zake ziishie mwishoni," akasema. "Kumtoa ndiyo shughuli. Daktari simwogopi. Naogopa migongo yenu."

Kikao kilifungwa bila azimio.

Sasa, Njombe, mwalimu alikuwa amefanya kama alivyosema. Haruni alicheza zile dakika mbili kabla ya mapumziko, akacheza robo ya tatu yote, akaendelea na ya nne. Njiapanda walikuwa nyuma kwa pointi kumi na nne alipoingia. Zilipobaki dakika mbili na sekunde kumi mchezo uishe, walikuwa mbele, 54 kwa 53, na pointi kumi na tisa zilikuwa zake. Teodora aliandika pia kwamba katika miruko minne ya mwisho Haruni alitua kwa mguu wa kulia peke yake.

Mpira ukatoka nje. Mwalimu akaomba muda, na Denis, kijana wa akiba, akavua sweta na kusogea kwenye meza ya waamuzi.

Mashabiki wa Makambako waliokuja kwa mabasi mawili walikuwa wamejaza ngazi za zege upande wa mashariki. Wote wakatazama juu kabisa, kwa katibu, ambaye siku zote hukaa ngazi ya mwisho ili auone uwanja wote. Teodora akabaki amekaa.

"Mama Katibu!" Yoramu akaita. "Wanamtoa!"

"Naona."

Yoramu akangoja sekunde tatu, kisha akaibana ngoma kwapani na kugeuka mwenyewe. Wa pembeni yake wakageuka. Safu iliyofuata nayo ikageuka. Upande wa pili mashabiki wa Njombe walianza kupiga makofi, kwa kuwa desturi hiyo waliijua na waliipenda. Mwalimu aliinua macho, akaiona migongo, na mkono wake ukaanza kumwita Denis arudi. Haruni alikuwa ameshashika kiuno, anangoja kurudishwa.

Ila watu walioupa uwanja mgongo kwenye ngazi walikuwa wanamtazama Teodora uso kwa uso, wote hamsini. Hilo halikuwahi kuwa na maana yoyote, maana siku zote na yeye alikuwa amegeuka. Akasimama, akafungua daftari, ambamo alikuwa amenakili zile kurasa tatu za zamani, akasoma kwa sauti aliyokuwa akiitumia kuwaita madereva dirishani.

"Tarehe 20 Agosti 2022. Dakika ya thelathini na mbili, migongo. Dakika ya thelathini na sita, goti. Magongo miezi mitano."

"Mama, si sasa!" mtu akasema.

"Tarehe 16 Septemba 2023. Dakika ya thelathini na tano, migongo. Dakika ya thelathini na nane, goti. Magongo miezi minne. Tarehe 13 Julai 2024. Dakika ya thelathini na nne, migongo. Dakika ya thelathini na saba, goti. Miezi kumi na moja." Akafungua ukurasa wa leo. "Tarehe 14 Juni 2025. Dakika ya thelathini na saba na sekunde hamsini, migongo. Hapo mbele sijaandika kitu."

Lightness ndiye aliyekaa kwanza. Alikaa akiuelekea uwanja, akajifunika kanga mabegani, akasema si kingine, ni zege tu lina baridi. Wakakaa waliokuwa kulia kwake. Safu mbili za juu zikakaa. Yoramu akabaki peke yake, ngoma kwapani, akimtazama Teodora.

"Ufa ulikuwepo," akasema.

"Ulikuwepo," Teodora akajibu.

Yoramu akageuka, akakaa.

Mwalimu Rodrick alitazama ngazi mara mbili, kama mtu anayehesabu wanafunzi, kisha akamwonyesha Haruni benchi. Haruni naye akatazama ngazi. Akaona nyuso. Akatoka, akampiga Denis kofi la begani, akakaa na kunyoosha mguu. Teodora aliandika: dakika kumi na tisa na sekunde hamsini.

Njombe walishinda 59 kwa 56. Upande wa pili watu waliimba kwa muda mrefu, na kulikuwa na wimbo mmoja uliomtaja Lightness kwa jina.

Nje, kando ya mabasi, Haruni alivua soksi ya sweta akaikunja vizuri na kumrudishia Lightness.

"Imesaidia, dada."

"Si nilisema ni baridi?" Lightness akawaambia wote waliokuwa karibu, Yoramu akiwemo. Yoramu akasema sakafu ya Njombe siku hizi inatunzwa.

Saa kumi na dakika arobaini na mbili Haruni alipanda ngazi tatu za basi, bila kushika popote, mguu wa kushoto ukitangulia.