Slipa Zilizopashwa na Bibi Ottilie

Kila asubuhi watoto wa shule ya Vardemäe, huko Estonia, huvua mabuti yenye theluji mlangoni na kuvaa slipa, maana sakafu ile ya mbao iliwekwa na makabaila wa Kijerumani na haitaki matope. Jumba lilikuwa lao. Wakanyang'anywa, likawa shule. Kabaila aliondoka na masanduku yake. Mkewe, Bibi Ottilie, alikuwa keshakufa, kwa hiyo yeye alibaki humo jumbani.

Kila mwaka alichagua mtoto, akampashia moto slipa juu ya tanuri la vigae. Mwaka ule alikuwa Tiiu, binti wa Leili.

Helve, jirani yake Leili, aliingiza mkono kwenye slipa za bintiye Maret. Baridi, kama samaki. Akaingiza kwenye za Tiiu. Za moto. Akaona wivu, na hakuuliza moto ule ulikuwa wa kazi gani.

"Binti wa Leili ana nini ambacho wangu hana?" alimuuliza Salme, mpishi wa shule, aliyekuwa akimenya viazi.

"Bibi yao wa zamani alikuwa kijakazi wa ndani humu jumbani," Salme akasema. "Ottilie anawataka wa ndani tu. Wenu alikuwa zizini, mwenzangu, akinuka ng'ombe."

"Na wenu alinuka waridi?"

"Wetu aliiba kijiko. Sisi hatutazamwi kabisa."

Ukumbini shule ilikuwa imetundika historia ya jumba: picha za waliolitumikia, wa ndani ukuta huu, wa nje ukuta ule. Helve alingoja watu wapungue, akamtoa bibi yake wa zizini na kumtundika kati ya vijakazi. Jumatatu slipa za Maret zilikuwa za moto.

Helve akapita kijijini shingo juu. Leili akamletea keki ya jibini.

"Asante, jirani. Tiiu sasa anakaa mezani na sisi. Jana kacheka."

"Kijicho hicho, Leili. Sema tu."

"Haya, kijicho," Leili akasema, akaenda zake.

Kufikia Ijumaa mikono ya Maret ilikuwa imepasuka kwa sabuni. Wenzake wakicheza, yeye alisugua vitasa vya milango. Helve alikimbilia ukumbini airudishe picha mahali pake. Haikubanduka. Ndani yake yule wa zizini alikuwa amevaa aproni nyeupe, na ubavuni pake amesimama Maret.

"Huyu habadilishwi kila mwaka, ana zamu mpaka amalize darasa la tisa," mwalimu mkuu alisema, akiangalia ratiba. "Tiiu alijitahidi, lakini vitasa havijawahi kung'aa hivi."

Jioni ile Helve alipakua supu ya kabichi. Maret akasimama nyuma ya kiti cha mama yake, mikono mgongoni.

"Keti ule, mwanangu."

Maret akakunja goti kidogo kwa adabu, akabaki amesimama. Helve akala, maana supu ilikuwa inapoa.