Neno Moja Juu ya Mlango wa Kaka

Mtaa wetu una nyumba nne za ibada, na mabango yote manne nimeyaandika mimi. Ndiyo kazi yangu, na sibagui: anayetaka kutangaza mbingu namwandikia, anayetaka kutangaza sabuni namwandikia. Kwa hiyo kaka yangu, fundi wa vyerehani, aliponijia asubuhi moja akitaka ubao wa kutangaza kwamba yeye haamini Mungu, sikuwa na pa kujificha.

"Umeamkia upande gani leo?" nikamuuliza.

"Nimeamka vizuri. Wenzangu wana vipaza sauti, wana vipeperushi, wana fulana. Mimi naomba ubao mmoja tu."

"Wenzako wanakaribisha watu. Wewe utawakaribisha wapi? Una kwaya wewe?"

Akacheka, maana kaka hata mluzi hajui kupiga. Kisha akaniambia hataki kumkaribisha mtu yeyote. Amechoka kuulizwa anasali wapi na kujibu kwa kuzungukazunguka. Zaidi ya yote amechoka kumzungusha mama. Kila mama alipomuuliza kama amesali, kaka alijibu, "Wewe niombee tu, mama," na mama akaenda zake ameridhika.

"Si umwambie nyumbani, mkiwa wawili?"

"Nimejaribu. Nikimwona tu, ulimi unakuwa mzito. Akiusoma ubao, basi, nimeshasema."

Hapo nikaogopa. Mama yetu ni mwalimu mstaafu, alifundisha lugha, na hakuna maandishi yanayompita bila kusomwa. Nilijua ubao ule utamkata maini. Lakini nilijua pia kwamba kaka hatalala vizuri mpaka mama ajue.

Tukabishana maneno. Alitaka HAKUNA MUNGU, nikakataa katakata. "Hapo unawasemea watu mambo yao. Sema la kwako." Akataka kuweka sababu zake zote, nikamwambia ubao si mtihani. Neno moja lenye herufi nene ndilo linalosomeka toka ng'ambo ya barabara. Tukakubaliana: SIAMINI, kijani juu ya nyeupe. Nikaupigilia juu ya mlango wake, chini tu ya ule ubao wa zamani unaosema FUNDI CHEREHANI, nikarudi nyuma kuutazama, nikajisifu mwenyewe.

Sifa zenyewe hazikufika mchana. Mshonaji wa duka la jirani alikuja kuulizia cherehani chake, akasoma, akashika kiuno.

"Fundi cherehani, siamini! Yaani mimi nikuachie mashine yangu, nikuamini, halafu wewe huniamini?"

"Si wewe, dada."

"Nani basi? Mimi ndiye niliyesimama hapa."

Kaka akamweleza, jasho likimtoka, kwamba neno lile linamhusu Mungu. Mshonaji akashusha pumzi.

"Aa, kumbe ni Mungu! Umenishtua bure, nilidhani ni mimi. Hayo mtamalizana wenyewe. Cherehani changu kiko wapi?"

Hata jioni haijafika, mtaa mzima ulishampa jina: Fundi Siamini. Wengine waliingia kumpa mkono wakidhani amepata bahati ambayo mwenyewe haamini. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Kaka hakucheka.

"Nimetangaza jambo kubwa la maisha yangu," akasema, "na hakuna aliyelisikia."

Mama alilisikia. Alipita akitoka ibadani, mkoba begani, akasimama mbele ya mlango akasoma, midomo ikicheza, kama alivyokuwa akisahihisha madaftari.

"Sentensi yako ina pengo," akamwambia kaka. "Humwamini nani? Ukimkusudia mtu ungeandika 'simwamini'. Hiyo 'mw' umeipeleka wapi?"

Kaka akaweka bisibisi chini. "Sikuisahau, mama. Hakuna wa kumtia humo."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama alikaa kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani, na machozi yakamlengalenga. Alikuwa ameelewa kuliko mtaa mzima.

"Na ile 'niombee' yako ya kila wiki?"

"Nilikuwa nakukwepa. Lakini nilipenda kujua kwamba unanitaja. Hapo sikukudanganya."

"Sasa niendelee au niache?"

"Endelea, mama. Ila ujue unayemwombea ni nani."

Mama akainua macho kuutazama ubao. Nilishaishika nyundo, kwa sababu kama angesema ubao ushuke, ningeushusha palepale, kaka anune anavyotaka. Nampenda kaka, lakini machozi ya mama siyawezi.

Badala yake akafuta macho na kumwita kaka kwa jina lake lote, lile refu alilompa alipozaliwa, ambalo sisi wote huwa tunalikata katikati. Nusu tunayoiacha ni jina la Mungu. Aliliita kwa sauti ileile aliyotuitia ndani tulipokuwa tukicheza nje.

"Naam, mama!" kaka akaitika, kabla hajafikiri.

"Unasikia unavyoitika?" Mama akanigeukia. "Chukua brashi yako. Neno lake usilifute, ni lake. Lakini anayesema neno zito namna hiyo aweke na jina chini, watu wajue ni mwanangu. Na jina ni hilo nililompa. Lote."

Kaka akautazama ubao, kisha mama. Alikuwa na haki ya kukataa, na nilingoja akatae.

"Nafasi itatosha?" akaniuliza.

"Nitazibana herufi," nikasema, nikapanda ngazi.

"Usizibane," akasema mama, akiishika ngazi. "Zisomeke toka ng'ambo ya barabara."