Mchoro wa Mwisho wa Jasvinder

Wamuyu hakuwahi kuipenda ile kompyuta. Kwa miaka kumi na minane aliyofuma sweta za shule katika karakana ya Kamaljit pale Bondeni, aliionea wivu waziwazi: bosi wake, Jasvinder, mke wa Kamaljit, akikaa mbele yake tu, husikii neno lake mpaka jioni. Lilikuwa dude la miaka ya themanini, la kuunganishwa na televisheni. Humo ndimo Jasvinder alimochora maua na beji, kisha Wamuyu akazifuma kwa mashine.

Jasvinder alifariki Machi, mwaka huo wa 2007, akiacha kwenye kaseti mchoro mmoja ambao hakumwonyesha mtu. Kamaljit alikuwa na hakika ni oda ya shule fulani, na jambo hilo lilimtafuna. "Amekufa akifanyia watu kazi," alikuwa akisema, "na mimi niko hapa nakunywa chai." Alitaka auone walau mara moja.

Sasa Kibii, fundi wa kompyuta mwenye maneno mengi kuliko vifaa, alikuwa ameliinamia lile dude tangu saa nne asubuhi. Kaseti yenye mchoro ilikataa mara sita. Mara ya saba ikasoma mpaka mwisho, halafu utepe ukakatika. Na programu ya kuchorea, badala ya kuonyesha kitu, ikaanza kuitafuta printa iliyokufa zamani, ikaganda hapo hapo.

"Mtu asiguse swichi," Kibii akasema. "Mchoro uko ndani, kwa memory, na hakuna kopi ingine. Stima ikipotea, basi, umeenda."

Kamaljit akaitazama taa ya dari na kuanza kuomba chini kwa chini.

Kibii akabonyeza kitufe alichokuwa amekiunga mwenyewe ubavuni. Kitufe hicho, alieleza, huiamsha kompyuta iliyoganda bila kuifuta akili. Kisha akaingiza kaseti yake, yenye programu ndogo ya kuchimbua picha: hupita kumbukumbu yote na kukuonyesha kilichomo kwa vitone. Kioo kikajaa vitone kweli, vimetapakaa kama mtama uliomwagika sakafuni.

"Hapa kuna kitu," akasema. "Lakini lazima niiambie upana. Nikikosea, kila laini inaanzia mahali si pake, picha inapasuka."

"Upana gani?" Wamuyu akauliza.

"Vitone vingapi, kutoka kushoto mpaka kulia. Sasa mimi nitajuaje, mathe?"

Wamuyu akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Huyu kijana na masomo yake yote. "Kitone kimoja ni stichi moja. Weka tisini na sita. Hiyo ni sweta ya darasa la nne."

Vitone vikapinda upande, havikushikana.

"Mia moja kumi na mbili. Darasa la saba."

Wapi.

"Mia moja ishirini na nane. Fomu two."

Bure. Taa ikafifia, ikarudi.

Wamuyu alikuwa amemfumia mtu mmoja tu mwenye kifua kipana kuliko hapo, sweta moja kila mwaka, na kipimo chake alikuwa nacho kichwani. "Jaribu mia moja na sitini."

Vitone vikajipanga, mstari chini ya mstari. Maua ya pembe-pembe yalitoka bega hadi bega, na chini yake malori madogo yamefuatana kama yanapanda mlima kwenda Salgaa. Kamaljit alikuwa ameendesha lori miaka thelathini, mpaka mgongo ulipomkataza.

"Ni shule gani hii?" akauliza.

"Si shule, mzee. Hiyo ni kifua chako," Wamuyu akamjibu.

Kamaljit akavua miwani. Alilia bila kujificha, na Wamuyu akalia naye. Kibii akauhifadhi mchoro kwenye kaseti mpya, mara mbili, kisha mara ya tatu bila kuambiwa.

Wamuyu alipomzungushia mzee tepu ya kupimia, moyo ulimuuma. Alikuwa amekonda sana tangu Machi.

"Siku hizi ni stichi mia moja thelathini na sita," akamwambia kwa upole. "Nitapunguza pembeni. Maua yatakatika kidogo."

"Usipunguze," Kamaljit akasema. "Fuma vile yeye alinipima."