Kiganja cha Mama

"Mtoto akikosea, itokee alama nyekundu," fundi wa kompyuta alishauri.

"Thubutu!" Mwalimu wa darasa la kwanza alimkatiza. Mchezo huu wa hesabu wa mtandaoni ni wa wanafunzi wake, na hataki waaibishwe. Zamani mama yake ndiye aliyemfundisha darasa hilohilo. Mtoto akikosea ubaoni, mama alilifuta kosa upesi kwa kiganja, akajipangusa kwenye gauni, akasema, "Haya, tena." Kila jioni gauni lilirudi nyumbani limejaa chaki.

Aliposimuliwa hayo, fundi akachora kiganja.

Mchezo ulipokamilika, mama, sasa mstaafu, aliitwa aujaribu, akabonyeza jibu lisilo sahihi makusudi. Kiganja kikapita kwenye skrini, kikalifuta.

"Kumbe changu hiki!" akacheka.

Kisha, bila kujijua, akajipangusa mkono kwenye gauni.