Mahali pa Kubomoka

Mhandisi alikuwa amechoka hata kabla hajashuka kwenye gari. Wiki nzima alishinda katika maabara ya chuo akimwagia maji kidaraja cha mfano na kupima jinsi mafuriko yanavyokula nguzo, na sasa alikuja kulikagua daraja lenyewe, la mtaani kwa wakwe zake, kabla mvua hazijachachamaa. Alipolifikia tuta linalounganisha barabara na daraja, alisimama. Kipande kifupi cha tuta hilo, alichokijaza mchanga mwenyewe, kilikuwa kimejengewa mawe na saruji, safi, kimenyooka kuliko nyumba za watu. Hakuwa na haja ya kuuliza ni mkono wa nani.

Kipande hicho kifupi ndicho kilikuwa utafiti wake wote. Alikishindilia mchanga na kokoto tupu, makusudi, ili mto ukifurika kibomoke mapema, maji yapate njia ya pembeni na daraja lisalimike. Tuta hurudishwa upesi. Daraja likienda, hospitali ya ng'ambo hubaki ya kutazamwa kwa macho. Daraja la zamani lilikwenda hivyo, na mama mkwe wake akafia upande huu akisubiri boti.

Lakini nani amsikilize? Kila mpita njia aliyeona mchanga ukimomonyoka alimtupia methali ileile: usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye akajibu heri nusu shari kuliko shari kamili, akajibu tena, mpaka mdomo ukaishiwa nguvu. Wakambandika jina, Mama Kubomoka.

Alimkuta baba mkwe wake barazani akisugua mwiko. Mzee alikuwa fundi mwashi mstaafu, na watu walimwita Jabali kwa sababu hakuna aliyewahi kuona ukuta wake ukipata ufa. Sifa hiyo aliipenda, tena sana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Injinia. Umepita darajani?" Mzee alikuwa anajizuia asicheke kwa furaha. "Walikuwa wanakucheka. Nikasema, mkwe wangu achekwe na mimi nipo? Nimekuzibia."

Machozi yalimlenga mhandisi. Tangu aolewe, mzee huyu alikuwa anampa salamu tu na kiti cha kukalia. Leo kamletea zawadi, na ndiyo itakayoondoka na daraja. Alifikiria kutuma vibarua wakabomoe kimyakimya, lakini hata nguvu za kudanganya hakuwa nazo.

"Baba, pale inabidi pabomolewe."

Mzee aliacha kusugua.

"Maji lazima yapite mahali," mhandisi akaendelea. "Tukiyaziba pale, yatang'oa nguzo."

"Si uimarishe kote?"

"Tukiimarisha kote, mto utachagua wenyewe pa kuvunja. Lile daraja la zamani lilikuwa imara kote, baba. Ndiyo maana lilikwenda lote."

Mzee aliuweka mwiko wake chini. "Na kama lingekuwa na mahali pa kubomoka?"

"Lingebaki limesimama. Maji yakipungua, pengo tunaliwekea mbao, watu wanavuka jioni ileile."

"Mama yenu angevuka?"

Mhandisi akaitikia kwa kichwa.

Asubuhi mzee alifika tutani na mtaimbo begani, akakataa vibarua katakata. Walibomoa wawili, jasho likiwatoka, mzee akiguna kwa kila jiwe lililong'oka. Kisha wakaanza kurudisha mchanga. Mikono ya fundi ilikataa. Mara mbili ilikwenda yenyewe kwenye mfuko wa saruji uliobaki, na mara zote mbili akaivuta nyuma.

"Maisha yangu yote nimejifunza kujenga. Leo unanifundisha kuharibu."

"Tumalizie, baba. Nimechoka."

"Na mimi nimechoka."

Chuo kikampigia simu, ikabidi aondoke, akamwachia mzee aweke tabaka la juu peke yake. Njia nzima aliuwaza ule mfuko wa saruji. Alimwamini mzee, lakini mikono ya mzee hakuiamini.

Mvua ziliponyesha, mto ulipanda asubuhi moja watu wakitazama kutoka mlimani, mzee na mhandisi, aliyekuwa amerudi, miongoni mwao. Maji yalifika kifuani mwa nguzo, yakazidi, daraja likaanza kutetemeka. Tuta halikutikisika. Mhandisi alimtazama baba mkwe wake, na mzee hakumtazama. Basi ametia, aliwaza, ametia saruji.

Halafu mchanga ukaanza kuchuruzika ukingoni. Kufumba na kufumbua kipande chote kikaenda, mto ukageukia pengo kwa kishindo, na maji yaliyozikaba nguzo yakashuka taratibu. Daraja likatulia.

Watu hawakuliona daraja. Waliliona pengo, wakaangua kicheko.

"Mama Kubomoka! Kazi yako hiyo!"

"Uchafu gani ule? Nani alijenga pale?"

Mzee ndiye aliyejitokeza mbele, yule ambaye ukuta wake haukuwahi kupata ufa, akavua kofia ili wote wamwone vizuri.

"Nimejenga mimi," akasema kwa sauti. "Ile ni kazi ya mikono yangu."

Vicheko vikafa. Mzee akaivaa kofia yake, akamshika mhandisi mkono.

"Twende tukatafute mbao, mwanangu. Huenda kuna mtu anasubiri kuvuka."